Je, Uhuru Ndio Ulituharibia?



Siku moja baada ya mkutano wa vijana, kijana mmoja aliyekuwa ametoka kuchimba pande za Kalima alibaki nyuma, kofia mkononi. Alikuwa ametembea na pikipiki siku nzima kwa ile barabara ambayo wewe unayesoma huko Kalima, Kailo ao Punia unaijua vizuri kuliko mimi. Akasema: "Pasta, bazee banasema wakati ya Babeleji barabara ilikuwa, dawa ilikuwa, kila mwezi mushahara. Afazali bangebakia tu. Uhuru njo ilituua."

Vijana wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia tangu utoto wangu, kwenye kilio, kwenye bomba la maji, hata kwa wazee wa kanisa. Na mutu anayesema hivyo si mjinga. Anaangalia daraja lililovunjika, anakumbuka kwamba babu yake alipita juu yake na baiskeli, anafanya hesabu yake. Lakini hesabu hiyo inakosa namba fulani. Ndizo ninataka kukuwekea hapa, ili siku mtoto wako atakapokuuliza usimjibu kwa hasira tu.

KWANZA, KILE WAZEE WANASAHAU KUTUAMBIA

Barabara ilikuwa, ni kweli. Lakini nani aliifyeka? Watu wa kila kijiji walilazimishwa kuitengeneza. Kila mwaka mwanaume wa kijijini alikuwa na siku 60 za kazi ya lazima kwa serikali, kwa mashamba ya pamba, ya mpunga, na kadhalika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka wa 1942, siku hizo zikaongezwa mpaka 120. Yaani miezi minne kwa mwaka mutu anafanya kazi ambayo hakuichagua, na watu wakarudishwa porini kutafuta mpira kama wakati wa babu zao. Aliyekataa alifungwa, ao alipigwa fimbo. Fimbo hiyo iliendelea hata miaka ya 1950.

Wengine hawakuvumilia. Tarehe 9 Desemba 1941 huko Elisabethville, leo Lubumbashi, wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi wakiomba mshahara uongezwe. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Wengi walikufa pale pale. Mwaka wa 1944 uasi uliwaka kati ya Bakumu, toka Masisi mpaka pande za Lubutu, inchi yetu ya Maniema ya leo. Aliyeuongoza aliitwa Bushiri, mutu wa Kitawala. Mimi kama pasta siwezi kukubali mafundisho yake, lakini kile kilichowachokesha watu wake ninakielewa kabisa: kazi ya lazima na kodi. Uasi ule ulivunjwa na jeshi.

Kwa hiyo tusiseme kwamba wazee wetu walikuwa wametulia na wanasiasa wakaja kuwasumbua. Uasi ulikuwako mbele ya vyama.

KARANI WA SYMÉTAIN

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi wa migodi hawalijui. Kijana aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa inchi hii alipitia kwetu. Patrice Lumumba alizaliwa mwaka wa 1925 huko Onalua, teritware ya Katako-Kombe, ng'ambo ya mpaka wetu na Sankuru. Alisoma kwa Wakatoliki, akasoma pia kwa Wamethodisti wa Wembo Nyama. Kisha, akiwa bado kijana sana, akaja Maniema kutafuta kazi, akawa karani wa Symétain, ile kampuni ya mawe ya bati iliyoanza mwaka wa 1932. Baadaye ndipo akaenda Stanleyville na kuingia kazi ya posta.

Ninasema "karani" na ninataka ulishike neno hilo. Karani ndicho kilikuwa kiti cha juu cha mutu mweusi. Angeweza kuandika barua kwa Kifaransa kizuri kuliko bwana wake, angeweza kupata ile karata ya "evoluwe", lakini mkubwa wa ofisi hakuwa.

JINSI MLANGO ULIVYOFUNGUKA

Habari hii ni ndefu, nitaipita haraka. Mwaka wa 1956 wasomi wa Léopoldville waliandika matakwa yao kwenye gazeti Conscience Africaine, na ABAKO ya Kasa-Vubu ikajibu kwa ukali zaidi: tunataka uhuru upesi. Mwaka wa 1957 watu wa miji mitatu, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua burgumestre. Oktoba 1958 MNC ya Lumumba ikazaliwa. Desemba yake Lumumba akaenda Accra, kwenye mkutano wa Waafrika, akarudi na moto.

Tarehe 4 Januari 1959 ABAKO ilikatazwa kufanya mkutano Léopoldville. Mji ukalipuka. Watu makumi walikufa. Siku tisa tu baadaye mfalme Baudouin akatamka neno uhuru kwenye redio. Mwisho wa Oktoba 1959 ilikuwa zamu ya Stanleyville: damu ikamwagika tena, na Lumumba akatiwa gerezani.

Januari 1960 Wabelgiji wakaita viongozi wetu Brussels kwenye ile Meza ya Mviringo. Walifikiri vyama vitagombana na wao watachagua njia yao. Lakini vyama vikashikamana kwa jambo moja, vikakataa kuendelea bila Lumumba, na mfungwa akatolewa gerezani, akapandishwa ndege, akaingia mkutanoni. Tarehe ikapatikana: 30 Juni 1960. Hesabu mwenyewe toka 4 Januari 1959: ni kama miezi 18. Furaha ilikuwa kubwa, na African Jazz ya Kallé wakaipigia rumba iliyojulikana Afrika nzima.

Ni hapo, ndugu msomaji, katikati ya ile ngoma, ninaomba tusimame kidogo. Kwa sababu kutoa bwana nyumbani ni kazi moja, na kusimamisha nyumba yako ni kazi nyingine.

SHERIA ILIYOTOKA BRUSSELS

Inchi mpya inahitaji katiba. Nani aliandika ya kwetu? Iliitwa Sheria ya Msingi, na iliyoipigia kura ni bunge la Ubelgiji, tarehe 19 Mei 1960, siku 42 mbele ya uhuru. Ilifuata mfano wa katiba ya Ubelgiji yenyewe, inchi yenye mfalme. Basi na sisi tukapewa kichwa cha inchi na Waziri Mkuu chini yake. Ubelgiji mfalme anajua kwa desturi ya zaidi ya miaka 100 kitu gani asifanye, hata kama karatasi inamruhusu. Sisi tulipewa karatasi. Desturi haitumwi kwa posta. Kipengele cha 22 kilisema kichwa cha inchi anaweka na kuondoa Waziri Mkuu. Tutakikuta tena.

Wengine wanasema: makoloni yote yalianza hivyo. Hapana. Angalia yale makoloni 13 ya Waingereza kule Amerika, ambayo leo ni Marekani. Yalitangaza uhuru mwaka wa 1776, yakapigana mpaka 1783. Lakini koloni la Virginia lilikuwa na baraza lake la kuchaguliwa tangu 1619! Watu hao walikuwa wamekusanya kodi yao wenyewe na kubishana juu ya sheria zao kwa vizazi vingi mbele ya kumkataa mfalme. Na hata hivyo serikali yao ya kwanza ilishindwa: ilikuwa zaifu, haikuweza hata kutoza kodi. Ikawapasa wakutane tena Philadelphia mwaka wa 1787, wanaume 55, kuandika katiba nyingine, na Washington akakaa kwenye kiti mwaka wa 1789. Ni miaka 13 toka kutangaza uhuru. Na waliwaacha watumwa katika minyororo, na wanawake nje ya kura. Basi hata wenye kujifunza muda mrefu walikosa, tena vibaya.

Sisi tulipewa muda gani wa kukosa na kusahihisha?

KURA YA MEI 1960

Mzee mmoja wa hapa, ambaye sasa amekwisha kwenda kwa Bwana, alinihadisia namna alivyopiga kura. Alikuwa mchimbaji wa bati. Walisimama mstari toka asubuhi, wamevaa suruali za Jumapili. Alisema mkono wake ulitetemeka, kwa kuwa maisha yake yote karatasi ya serikali ilikuwa karatasi ya kodi, ao ya polisi. Hii ilikuwa ya kwanza kumuuliza anataka nini. Maniema ilikuwa sehemu ya jimbo la Kivu wakati ule, na huku kwetu watu wengi sana walikuwa nyuma ya MNC ya Lumumba.

Nikamuuliza, "Na mama?" Akashangaa. Mama alibaki nyumbani. Kura ya 1960 ilikuwa ya wanaume tu. Nusu ya inchi haikuulizwa.

Kati ya viti 137 vya bunge, chama cha Lumumba kilipata 33, kikawa cha kwanza, lakini si kwa wingi wa kutosha. Ikawa lazima kutafuta marafiki huku na huku. Tarehe 24 Juni bunge likaikubali serikali yake, na Kasa-Vubu akachaguliwa kuwa Rais. Siku sita zikabaki. Siku sita! Mutu anayefungua butike ya chumvi na sabuni anajitayarisha zaidi.

MEZA BILA WENYE KUJUA

Na serikali si waziri peke yake. Serikali ni yule anayejua faili liko wapi. Ni mwenye kupima dawa, mwenye kuhesabu franka za kodi, mwenye kuamuru askari. Katika vyeo vya juu vya ofisi za koloni, zaidi ya 4,000, Wakongo walikuwa watatu. Waliomaliza chuo kikuu katika inchi nzima hawakuzidi 30. Chuo cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka wa 1954 tu, na kilikuwa bado hakijatoa daktari Mkongo hata mmoja. Wasaidizi wa madaktari walikuwako, watu hodari ambao walikuwa wakiendesha hospitali bila jina la daktari. (Baada ya uhuru kundi moja lao lilipelekwa Ufaransa, wakarudi na jina hilo. Kumbe iliwezekana.) Force Publique ilikuwa na askari kama 25,000, na ofisa mweusi hakuna.

Tarehe 5 Julai, siku ya tano tu ya uhuru, mkuu wa jeshi, Jenerali Janssens, aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Askari hao walikuwa wameona karani anakuwa waziri, na wao wanaambiwa kwao hakuna kitakachobadilika. Usiku huo wakaasi. Wazungu wakaogopa, na kwa kweli wengine walitendewa mambo mabaya sana, siwezi kuyaficha. Kwa majuma machache wakubwa wa ofisi, wengi wao, wakapanda ndege na pamoja nao ujuzi wote. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Agosti, Kasai ya Kusini nayo.

Septemba 5, Rais Kasa-Vubu akafungua Sheria ya Msingi kwenye kipengele cha 22 na kumwondoa Lumumba. Lumumba akajibu kwa kumwondoa Kasa-Vubu. Bunge likakataa yote mawili. Siku chache nyuma yake kanali Mobutu akawasukuma pembeni na kuita wanafunzi waendeshe wizara. Lumumba alitoroka Léopoldville kuelekea Stanleyville, akakamatwa kwenye Sankuru mwanzo wa Desemba, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Kilichorudi kwetu ni jino moja: Ubelgiji uliwapa watoto wake jino hilo Juni 2022.

NA MIGODI JE?

Hapa ninawaandikia hasa ninyi mnaoishi na vumbi la mgodi. Wengi wanajua habari za Lumumba na Tshombe. Ni wachache wanaojua kilichofanyika na hisa.

Wakati wa koloni, serikali ya Kongo ilikuwa na mali ndani ya kampuni kubwa. Huko Katanga kulikuwa Comité Spécial du Katanga, ambamo serikali ilikuwa na sehemu mbili kwa tatu, na kampuni moja ya watu binafsi sehemu moja. Comité hiyo ndiyo iliyoshika sauti yenye nguvu ndani ya Union Minière. Maana yake: siku ya 30 Juni, sauti hiyo ingekuwa ya serikali ya Kongo huru. Lumumba na mawaziri wake wangekaa kwenye kiti cha mbele mezani kwa ile shaba.

Lakini siku chache kabla ya uhuru, Juni 1960, Wabelgiji wakaivunja Comité hiyo na kugawa mali yake. Serikali mpya ikapata hisa, lakini bila ile sauti ya kuamua. Mwezi uleule sheria ya Ubelgiji ikaruhusu kampuni zilizokuwa za Kongo kuchagua kuwa za Ubelgiji, na nyingi zikafanya hivyo. Aprili na Mei palikuwa na Meza ya Mviringo ya pili huko Brussels, ya mambo ya uchumi. Viongozi wetu wakubwa hawakuenda. Walikuwa vijijini wanatafuta kura. Walituma vijana na wanafunzi, wakakaa mbele ya watu waliojua hesabu za kampuni kama unavyojua mlango wa nyumba yako. Siwalaumu wale vijana. Ninasikitika tu kwamba siku tulipokuwa tunacheza rumba, karatasi za mgodi zilikuwa zinapita mezani.

Mobutu aliichukua Union Minière mwaka wa 1967, ikawa Gécamines. Kwetu, kampuni za bati ziliunganishwa mwaka wa 1976 kuwa SOMINKI, na ninyi wenye nyumba za kambi kule Kalima na Kampene mnajua mwisho wake kuliko mimi. Lakini hayo yalifanywa na Wakongo, hatuwezi kuyaweka kichwani mwa Wabelgiji. Kijana wangu wa pikipiki aliposikia hapo akasema, "Sasa Pasta, na siye tuliharibu." Ndiyo. Na sisi tuliharibu. Uhuru haukuvunja daraja. Kuna mikono iliyolivunja, mingine mieupe, mingine mieusi, na mikono ina majina.

Hapa Kindu tunajua bei yake. Novemba 1961 askari wasiotii mkubwa yeyote waliwaua Waitaliano 13 wa ndege ya Umoja wa Mataifa, watu waliokuwa wameleta vyakula. Julai 1964 Simba wakauchukua mji, Novemba mamluki wakaurudisha, na kila upande ulipoingia raia walilia. Familia nyingi za Kasuku zina jina la mutu wa mwaka ule ambaye kaburi lake halijulikani.

KATIBA ZETU WENYEWE

Katiba ya kwanza iliyoandikwa na Wakongo juu ya udongo wao ni ya Luluabourg, iliyokubaliwa kwa kura na kutangazwa tarehe 1 Agosti 1964. Haikuishi hata miaka miwili kwa amani, kwa sababu Novemba 1965 Mobutu alichukua utawala. Maniema, iliyokuwa jimbo toka 1963, ikarudishwa ndani ya Kivu mwaka wa 1966, na ikangoja mpaka 1988 kuwa jimbo tena. Kisha ikaja katiba ya sasa: tuliipigia kura Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Safari hii mama zetu walikuwa kwenye mstari. Mama yangu mwenyewe alisimama pale toka alfajiri.

Niliwaambia vijana hayo yote, si siku moja, tulichukua Jumapili tatu. Ya mwisho nikauliza: "Kati yenu, nani amesoma katiba ya 2006?" Walikuwa kama 40. Mkono mmoja ulipanda, wa dada anayeuza mikate karibu na beach, pale pirogi zinapovuka kwenda Alunguli. Alikuwa na kitabu kidogo chenye jalada lililopasuka, alikipata wakati wa ile kura, kilikuwa cha baba yake.

Akakifungua kwenye kipengele cha 175 na kusoma polepole, akitafsiri toka Kifaransa: katika mapato ya taifa, 40 kwa mia ni ya majimbo, na yanakatwa palepale yanapopatikana, bila kwanza kwenda Kinshasa na kurudi. Kimya kikaingia. Yule kijana wa Kalima akauliza asome tena. Akasoma tena.

"Tangu 2006?" kijana akauliza.

"Tangu 2006," dada akajibu.

Hapo wakaanza kusema wote pamoja, wengine kuhesabu mifuko ya kasiterite inayopita Kindu kila juma, wengine kubishana kama maneno hayo yanatimizwa na nani anapaswa kuulizwa. Mvua ikaanza kupiga mabati hata sikuweza kusikia tena. Tulipatana kwamba Jumapili inayofuata dada atakuja na kitabu, na kijana ataleta daftari.